Muhula wa Wanaume wa Mlangoni

Jumapili, Julai 30

Binti yangu Vernell amenipa daftari hili, ati niandike yanayonichoma badala ya kuwafokea watu jikoni. Haya, naandika. Mimi ni Thaddeus Mabry, mwenye nyumba ya mazishi ya Mabry hapa Bellfort, Alabama, kama alivyokuwa baba yangu na baba yake. Nimechoka kuwazika watoto. Wazee sawa, wamekula chumvi nyingi, tunawasindikiza kwa nyimbo na kuku wa kukaanga. Lakini vijana wa mtaa huu nakutana nao kwa mara ya kwanza wakiwa wamelala, macho yamefungwa, na mama zao ndio wananisimulia walikuwa wakipenda nini. Nataka niwajue kabla. Sina sababu nyingine ya kuingia kwenye hiki chama.

Chama chenyewe kina wanaume saba na jina refu kuliko orodha ya wanachama: Baraza la Waungwana Weusi wa Barabara ya Chastain. Jina alilitunga Cornelius Beasley, daktari wa meno, mtu anayependa kamera kuliko mkewe. Leo tulimvizia Odessa Tolliver nje ya kanisa. Huyu ndiye mwalimu mkuu wa shule ya kati ya mtaa wetu. Tulimwomba ile karakana ya useremala iliyofungwa miaka mingi, tukae humo na wavulana baada ya masomo, tuwafundishe kazi na adabu.

Alitusikiliza akijipepea kwa pepeo la kanisani, lenye tangazo la nyumba yangu ya mazishi.

"Nyie si wa kwanza," alisema. "Wanaume huja hapa wakapiga picha na watoto, halafu siwaoni mpaka uchaguzi. Mimi ndiye ninayebaki kuwaeleza watoto kwa nini yule mjomba hakurudi. Sasa sikilizeni. Kila Jumatatu asubuhi mtasimama mlango wa mbele, muwapokee watoto, mpaka Krismasi. Mkikosa Jumatatu moja, msinijie tena. Msipokosa, ufunguo wa karakana ni wenu."

"Ni hilo tu?" akauliza Beasley.

"Ni hilo tu, Daktari. Utaona."

Rodarius Pugh, kijana mwenye gari la kuvuta magari mabovu, alininong'oneza kwamba hana suti. Nikamwambia asijali. Suti za wabeba jeneza ninazo za kutosha, zote za kitambaa kimoja.

Jumatatu, Agosti 7

Nyota njema huonekana asubuhi. Yetu ilizimika saa moja na nusu.

Tulijipanga pande mbili za ngazi: suti nyeusi, glavu nyeupe, mikono imekunjwa mbele kama nilivyowafundisha. Kwa kweli tulipendeza. Basi la kwanza likafika, watoto wakashuka kwa makelele ya siku ya kwanza ya shule, wakatuona, wakanyamaza. Msichana mwenye shanga kwenye nywele akamshika mwenzake mkono.

"Nani kafa?"

Hakuna aliyemjibu, maana hatukuwa tumejiandaa kwa swali hilo. Mwingine akaanza kulia akimtaja mwalimu wa muziki, aliyekuwa akiumwa tangu Juni. Kufumba na kufumbua shule nzima ilikuwa imeshamzika mwalimu wa muziki, ambaye alitokea na kahawa yake mkononi akiuliza kwa nini watoto wanamkumbatia.

Mama Tolliver akashuka ngazi polepole.

"Mabry. Umeniletea mazishi shuleni?"

"Hapana, Mama. Ni heshima tu."

"Na gari la maiti umeliacha wapi, nyuma?"

Nilikuwa nimeliacha nyuma.

Watu wamecheka mtaa mzima na mimi nimeona haya. Ila kuna mvulana mmoja hakucheka wala hakulia. Aliniona, akageuka, akavuka barabara na kuzunguka hadi geti la pembeni. Namjua. Ni Zyon Lockett. Machi nilimzika kaka yake Marquel, wa miaka kumi na saba.

Jumanne, Agosti 8

Vernell bado anacheka. Ameunguza mkate wa mahindi kwa kucheka.

Alhamisi, Agosti 10

Mkutano kwenye chumba cha chini cha kanisa. Kelele tupu. Beasley alitaka tubadilishe glavu tu. Rodarius, ambaye huwa hasemi, akainua mkono: "Kila mtu aje na nguo anazoishi nazo. Mimi nije na ovaroli yangu. Mtoto aone kazi."

Tumekubaliana. Tatizo ni kwamba mimi naishi na suti nyeusi.

Jumatatu, Agosti 14

Vernell amenivisha sweta la njano. Joto la Agosti, sweta. Watoto wameniita Ndizi, na sijaumia hata kidogo.

Nimepata pia kazi ya kufanya mlangoni. Huku kwetu mtu hakuulizi unaitwa nani, anakuuliza wewe ni wa kina nani. Basi kila mtoto akipanda ngazi wenzangu wanampigia makofi, mimi namuuliza hivyo, na akinitajia ukoo nampa hadithi ya kwao. "Wa kina Purifoy? Bibi yako aliimba sauti ya juu kabisa kanisa la Mlima Nebo, vioo vikatetemeka." "Wa kina Stallworth? Babu yako ndiye aliyejenga ngazi hizi unazozikanyaga." Wanapanda wakiwa wamenyooka migongo. Mtu aliyewazika wazee wa mji mzima huwa ana hadithi za mji mzima, sikujua zingekuja kunifaa hivi.

Zyon amepita geti la pembeni.

Jumatatu, Agosti 21

Mvua. Tumekuja sita. Beasley amekuja na mpiga picha. Namwekea dau kwamba Septemba hatumwoni.

Jumatatu, Septemba 4

Nimekwenda mlangoni, nimekuta kumefungwa. Nimesahau sikukuu yetu ya wafanyakazi, ile ya Septemba! Nikiwa nageuza gari, Rodarius naye akafika na ovaroli yake. Tumetazamana kama wezi waliokutana dirisha moja. Tukaenda kula kambare wa kukaanga, na ameniambia mambo ya maisha yake ambayo sitayaandika humu. Ni mtu mzuri sana. Nilikuwa nikimdharau kwa sababu ya michoro shingoni, na hapo nilikosea.

Jumatatu, Septemba 11

Tumekuwa tisa. Dereva wa basi la shule ameegesha, akashuka, akasimama nasi kupiga makofi. "Ninawaleta kila siku," amesema, "na sijawahi kuwaona wakiingia."

Wapo akina baba wengine wanaobaki ndani ya magari, injini inaunguruma, wanatutazama kupitia kioo. Nimewapungia mkono. Wakajifanya wanasoma simu.

Jumatatu, Septemba 25

Watatu! Mimi, Rodarius na Beasley. Wengine wana mafua, safari, udhuru. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini hapa asiyekuwepo anatutobolea mtumbwi sote. Mama Tolliver alikuwa dirishani na kikombe chake, anahesabu vichwa. Beasley alitabasamu meno yote kana kwamba tupo mia.

Zyon, geti la pembeni.

Jumanne, Oktoba 3

Tulikwenda kwa madiwani kuhusu mtaro ulio mbele ya shule. Umejaa takataka, na mvua kubwa ikinyesha kivuko kinageuka ziwa. Tulikuwa watano kwenye viti vya watu mia. Diwani mmoja akatushukuru "kwa moyo wetu wa kujitolea" na kabla Rodarius hajamaliza sentensi ya pili, muda wetu ulikuwa umekwisha. Njiani Rodarius alikuwa na hasira mpaka akapitiliza nyumbani kwake.

Jumatatu, Oktoba 9

Geti la pembeni lilikuwa linapakwa rangi, ikambidi Zyon apite kwetu. Moyo ulinidunda kama wa kijana anayechumbia. Alipanda akiangalia raba zake.

"Habari ya asubuhi, kijana wangu. Wewe ni wa kina nani?"

"Unanijua."

"Nataka nisikie kwako mwenyewe."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Sitaki. Wewe ukishalijua jina la mtu, unaliandika kwenye kile kijitabu cha mazishi chenye picha. Langu usilijue."

Akaingia. Makofi yakaendelea kwa mtoto aliyefuata, na mimi nikayapiga pia, sijui hata ni ya nani.

Jumanne, Oktoba 10

Sikulala vizuri. Mtoto kasema kweli. Nilianza haya yote ili niwajue wakiwa hai, na kumbe wao wakiniona wanaona kifo kimevaa sweta la njano. Kama mtoto anazunguka shule nzima kunikwepa, mimi ndiye kizuizi cha mlango. Labda chama kinanihitaji nikae kando.

Jumatano, Oktoba 11

Nimempigia Beasley kumwambia najitoa. Hakujibu kwa simu. Alikuja mwenyewe saa sita mchana, akaniketisha kwenye kiti ambacho huwa nawaketisha wafiwa.

"Kaka Thad, unadhani mimi nakuja kwa ajili ya picha."

"Sidhani. Najua."

"Basi ni kweli. Nakuja kwa ajili ya picha. Nyumbani kwa mama kuna sanduku la picha zangu za shule. Nimepokea tuzo, niko na mama. Nimehitimu, niko na shangazi. Nimecheza mpira, niko na mwalimu wa kike. Hakuna hata moja yenye mwanamume pembeni. Hata moja! Sasa nataka kila mtoto wa shule ile awe na picha yenye mwanamume, ikibidi awe mimi na meno yangu. Halafu wewe, kwa sababu mtoto mmoja amekwambia ukweli, unakimbia?"

"Simkimbii. Namwondolea bughudha."

"Baba yangu alisema hivyohivyo," akasema, akachukua kofia yake.

Nimemkosea mtu huyu muhula mzima. Nimemwambia hivyo. Akaniambia, "Najua. Na meno yako ya nyuma yanahitaji kuangaliwa."

Jumatatu, Oktoba 16

Nimesimama. Sikumuuliza mtu swali lolote leo, nimepiga makofi tu. Msichana mwenye shanga akarudi ngazi mbili chini, mkono kiunoni. "Ndizi, hujaniuliza."

"Haya. Wewe ni wa kina nani?"

"Wa kina Dubose!" akapiga kelele barabara nzima isikie.

Jumatatu, Oktoba 30

Kumi na wawili. Mpishi wa mkahawa wa kambare amekuja na aproni yake. Watoto wametubadilisha jina. Wanatuita Wanaume wa Mlangoni. Beasley amenuna, ameshachapisha bango la lile jina refu.

Jumapili, Novemba 12

Kimbunga hakitufikii, wanasema, mkia wake tu. Huo mkia unamwaga maji tangu jana. Shule itafunguliwa kama kawaida. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wamepiga simu: daraja limefungwa, hawaji. Beasley anaishi huko. Nimepakia miavuli yote ya makaburini kwenye gari la maua, ile mikubwa myeusi yenye jina la Mabry kwa maandishi meupe. Vernell ameniuliza kama nina hakika, baada ya yale ya Agosti. Sina hakika. Lakini ndiyo niliyonayo.

Jumatatu, Novemba 13

Naandika nikiwa na miguu kwenye beseni la maji ya moto.

Saa moja kamili mtaro ulikuwa umeshafurika. Maji ya kahawia yamejaa kivuko, yanafika magotini na yanakwenda kwa nguvu. Ng'ambo, chini ya paa la kituo cha mafuta, watoto wamejazana. Basi haliwezi kupita. Upande wa shule tulikuwa wawili, mimi na Rodarius. Mama Tolliver akatoka mlangoni na koti la mvua.

"Mko wawili, Mabry."

"Jumatatu ni Jumatatu, Mama."

Akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

Rodarius akaliingiza gari lake kubwa kwenye maji, akalisimamisha kukingama mkondo, maji yakapungua makali upande wa chini. Mimi nikachukua mwavuli na kuingia. Yalikuwa baridi, nilipiga kelele kama mbuzi. Nikamvusha mtoto wa kwanza, nikarudi. Nikamvusha wa pili. Nina miaka sitini na minne. Nilipofika wa nne nikasimama katikati nikihema, nikaona hatutaweza.

Hapo nikasikia mtu anaimba. Kutoka barabara ya juu anakuja mtu amevaa suruali ya mpira ya kuvulia samaki, imemfika kifuani, na kofia ya majani. Beasley! Alizunguka kwa daraja la kaunti nyingine, akaanza safari alfajiri. Hana mpiga picha, hana hata simu.

"Mnanitazama nini?" akafoka. "Nipeni mtoto!"

Akambeba msichana wa kina Dubose mgongoni. Na mlango wa gari moja ukafunguka. Yule baba wa gari la bluu, anayejifanya kusoma simu tangu Septemba, akashuka na viatu vyake vya kazini, akaingia majini bila kukunja suruali. Halafu mwingine. Halafu milango ya magari ikawa inafunguka mfululizo, paa, paa, paa. Wajomba, mababu, kaka wakubwa, mmoja na taulo shingoni. Hakuna aliyetoa amri. Wakajipanga kutoka kituo cha mafuta hadi ngazi, mtu na mtu, kila mmoja na mwavuli wa Mabry juu ya kichwa, na watoto wakapitishwa chini ya miavuli hiyo kama chini ya dari moja refu. Nililia. Mvua ilinisitiri.

Watoto wakaisha, akabaki mmoja. Geti la pembeni lilikuwa chini ya maji. Nikaenda mwenyewe.

Zyon akausoma mwavuli. "Nikiingia chini ya huo, ndiyo nimekufa?"

"Mwanangu, watu wote niliowafunika kwa huu walikuwa wanalia. Nataka nimfunike mmoja anitukane. Njoo."

Alicheka kidogo, bila kutaka. Akavua raba zake, akazishika mkono mmoja, na mkono wa pili akashika sweta langu. Tukaenda polepole. Katikati ya maji akauliza, "Wewe ndiye uliyemfunga Marquel tai?"

"Mimi mwenyewe."

"Hakuwahi kuvaa tai."

"Mama yako aliniambia. Nilimfunga taratibu. Nikafungua, nikafunga tena, mpaka ikakaa sawa."

Maji yalikuwa yanasukuma, naye akanishika zaidi, au ni mimi niliyemshika.

"Mimi nataka nijue kujifunga mwenyewe," akasema. "Nisifungwe na mtu."

"Nitakufundisha."

Kwenye ngazi sikumuuliza ni wa kina nani. Akapanda mbili, akageuka.

"Wa kina Lockett," akasema. "Zyon."

Jumanne, Novemba 14

Mafua. Furaha. Supu ya bamia.

Jumanne, Novemba 21

Tulirudi kwa madiwani. Mara hii viti mia havikutosha, watu walisimama ukutani na nje ya mlango, aproni, ovaroli, sare za hospitali, mashati ya kanisani. Rodarius alizungumza. Muda wake ulipokwisha, mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Endelea, Bwana Pugh." Bwana Pugh! Mtambo wa kuchimba mtaro unakuja kesho. Nje tulimbeba Rodarius juu, naye anapiga kelele tumshushe, ana mgongo mbovu.

Jumatatu, Novemba 27

Mstari umefika barabarani. Ni Jumatatu baada ya mechi ya vyuo mahasimu, Alabama na Auburn, kwa hiyo nusu ya mstari ilikuwa inaimba na nusu imenuna, na watoto wamewachokoza walionuna mpaka kengele ilipolia. Zyon amepita mlango wa mbele. Kanigonga ngumi. Vernell amenieleza kwamba hiyo ni salamu.

Jumatatu, Desemba 11

Wamekuja wanaume wanne wa shule ya upande wa kaskazini kutazama tunavyofanya. Waliuliza masharti ya chama. Beasley akavuta pumzi ya kuhutubia, kisha akasema tu, "Njoo Jumatatu. Halafu njoo Jumatatu nyingine." Na msivae suti nyeusi, nikaongeza mimi.

Wiki nzima namfundisha Zyon tai kwenye ngazi baada ya masomo. Nimefunga tai maisha yangu yote, na kumbe sijui kumfunga mtu anayecheka, anayemeza mate, anayesema "unaninyonga, Mzee." Wamejiunga wavulana wengine sita, tai za baba zao zimewafika magotini.

Jumatatu, Desemba 18

Jumatatu ya mwisho. Kulikuwa na baridi kali na jua zuri. Wanaume sikuwahesabu, walijaa ngazi, njia na ukingo wa mtaro mpya. Mtoto wa mwisho alipoingia, Mama Tolliver akatoka na ufunguo. Alijaribu kutoa hotuba, sauti ikakatika, akampa Beasley ufunguo na kumwambia, "Chukua kabla machozi hayajaniharibia poda." Mpiga picha alikuwepo. Beasley akamsukuma Rodarius mbele ya kamera.

Tukaelekea karakana. Kumbe wavulana walishatutangulia. Wamejipanga pande mbili za mlango, tai shingoni kila moja na upande wake, na tulipokaribia wakaanza kupiga makofi. Wanaume wazima wakawa wanapita katikati yao wakiinamisha vichwa na kufuta macho kwa mikono ya ovaroli.

Nilikuwa wa mwisho. Mlangoni kasimama Zyon, tai imepinda, fundo kubwa kama ngumi, amejifunga mwenyewe. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Habari ya asubuhi, Mzee. Wewe ni wa kina nani?"

"Wa kina Mabry."

"Mabry yupi? Wale wa mazishi?"

Wavulana wote wakanigeukia. Akaniacha nihangaike kidogo, mshenzi yule, kisha akatabasamu.

"Aa, nimekumbuka. Wale wa mlangoni," akasema. "Hao tunawajua. Pita, Mzee, unaleta baridi."

Nikapita.